Hekalu Linalooshwa na Mwezi

Ami yangu hakwenda India kutembea. Alikwenda Ahmedabad kufanyiwa operesheni ya moyo, nami nikafuatana naye kama msindikizaji, kazi ambayo siku hizi karibu kila ukoo wa kwetu Tanga una mtu aliyewahi kuifanya: unabeba bahasha za vipimo, unabadilisha fedha, unatafuta uji kwenye mji usiojua uji ni kitu gani. Operesheni ikaenda salama. Daktari akasema mgonjwa asipande ndege kwanza, atulie kama wiki mbili. Siku ya nne binti yake akawasili kutoka Muscat kunipokea zamu, na jioni ile ile Ami akatangaza kwamba amechoka kukodolewa macho na watu wawili kwa mpigo.

"Mwanangu, umekaa hapo kama unangoja maiti. Nenda Verawali ukaniangalilie, bado wanaunda kotia?"

Ami ni nahodha mstaafu, mtu wa Kigombe, aliyesuguliwa na maji ya Tanga, Pemba na Lamu. Alipokuwa mtoto, kaskazi ikishaanza kuvuma ziliingia bandarini kotia, majahazi makubwa ya mbao kutoka India, omo zake zimechongwa kichwa mfano wa kasuku, tezi zimejaa nakshi, tumboni zimeshiba vigae. Mabaharia wake walitaja miji yao kwa watoto waliokuwa wakizurura gatini: Mandvi, Porbandar, Verawali. Miaka sitini na ushei imepita na majina hayo bado yamo kinywani mwake, kwa matamshi aliyoyapokea siku ile.

Basi nikapanda treni ya usiku. Gujarati ina rasi kubwa iliyojitokeza baharini upande wa magharibi, inaitwa Saurashtra au Kathiawar, na Veraval iko ukingoni kabisa mwa rasi hiyo, kusini. Alfajiri nilijua nimefika kabla ya kufungua macho, maana behewa zima lilinuka ng'onda.

Kotia sikuziona. Nilichokikuta ni safu ndefu ya vyombo vya uvuvi ufukweni, mizoga mitupu ya mbao iliyosimamishwa juu ya magogo, mataruma yamechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Lakini kazi ilikuwa ile ile. Fundi mmoja alikuwa anakalafati: anasokota uzi wa pamba, anaupachika kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anaugongea ndani kwa patasi butu, pigo tatu, anasogea shibiri moja, pigo tatu. Ningefumba macho ningedhani niko Kigombe. Nikachuchumaa kumtazama. Akaniangalia nywele, akaniangalia ngozi, akauliza neno moja tu: "Jambur?"

Nikatikisa kichwa bila kuelewa. Baadaye dereva wa bajaji naye akaniuliza hivyo hivyo, na nilipomwambia natoka Afrika, Tanzania, akasimamisha chombo kando ya barabara, akatoa simu, akanionyesha video. Watu weusi tii kama mimi, wamejipaka rangi usoni, wanapiga magoma na kuruka. "Sidi goma," akasema, akigonga kioo kwa kidole. "Goma, goma." Jambur ni kijiji cha Wasidi, karibu na msitu wa Gir wanakoishi simba wa mwisho wa Asia, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Gir Somnath. Wasidi ni wazao wa Waafrika waliofika Gujarati kwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Lugha yao sasa ni Kigujarati. Ngoma imebaki ngoma, imedondosha herufi moja tu njiani.

Kwa hiyo kwa watu wa Veraval mimi sikuwa mgeni wa ajabu. Nilikuwa mtu wa kijiji cha jirani aliyesahau lugha. Dereva akaamua kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuja mpaka hapa asipelekwe Somnath, akageuza bajaji.

Jina la Somnath nilikuwa nalijua, tena tangu chuoni. Mwalimu wetu wa madrasa alipenda kisa cha Sultani Mahmud wa Ghazni, Afghanistani ya leo: jinsi alivyofika kwenye hekalu kubwa la India, makuhani wakamwahidi mali isiyohesabika ili aache sanamu yao, naye akajibu kwamba hataki Siku ya Kiyama aitwe muuza masanamu, heri aitwe mvunja masanamu. Akapiga rungu, tumbo la sanamu likapasuka, ikamwagika johari kuliko ile aliyoahidiwa. Tulikipenda kisa hicho kwa sababu kinaishia kwenye johari.

Nimesimama sasa mbele ya hekalu lenyewe, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba mle ndani hakuna tumbo la kupasua. Kinachoabudiwa Somnath ni linga, nguzo fupi ya jiwe iliyo mviringo juu, alama ya mungu Shiva. Haina mikono, haina uso, haina kitovu. Jiwe gumu tangu juu mpaka chini. Aliyebuni johari za tumboni hakuwahi kuliona.

Lakini nitangulize hadithi ya wenyewe.

Wahindu wanasema Soma, mungu wa mwezi, alioa mabinti 27 wa Daksha kwa mpigo. Mabinti hao ndio manazili ya mwezi, vituo vyake angani, kila usiku analala nyumba ya mmoja. Manahodha na watu wa falaki wa pwani yetu wanahesabu 28, kwa hesabu ya Kiarabu, lakini safari ni moja. Sasa Soma, kama waume wengi wa uke wenza, akashindwa kugawa zamu. Akampenda Rohini kupita wote, akawa hatoki kwake. Wale 26 wakaenda kushtaki kwa baba yao. Daksha akamwonya mkwewe, mkwe asisikie, ndipo akamlaani: nuru yako na iliwe na maradhi mpaka uishe.

Mwezi ukaanza kukonda. Mimea ikadhoofika, miungu ikahangaika. Soma akashauriwa aende kuoga mahali mito inapoingia baharini na kumwomba Shiva. Akaenda, akaoga, akaomba. Shiva hakuweza kuifuta laana ya mkubwa mwenzake, ila aliweza kuipunguza makali: utakonda nusu ya mwezi, utanenepa nusu ya mwezi. Soma akajenga hapo hekalu la shukrani. Somnath maana yake ni Bwana wa Soma, bwana wa mwezi. Na mji wenyewe, Prabhas, jina lake ni mwangaza, kwa kuwa ndipo mwezi uliporudishiwa mwangaza wake.

Rohini ni ile nyota nyekundu inayofuata nyuma ya Kilimia. Na Kilimia chenyewe, kile ambacho wazee husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ni mmoja wa dada zake, naye huku anaitwa Krittika. Ukiwa na subira ya kuangalia juu mwezi mzima utashuhudia kisa chote bila kusimuliwa: mwezi unapita kwa Kilimia, usiku unaofuata unakaribia ile nyota nyekundu, kisha unaendelea na safari. Nilipokuwa mdogo Ami alinionyesha Kilimia kwa ajili ya misimu. Hakuniambia kwamba kulikuwa na ugomvi wa wake wenza kule juu.

Hadithi inaendelea kwamba Soma alijenga kwa dhahabu, Ravana akaja kujenga upya kwa fedha, Krishna kwa mbao, Bhima kwa mawe. Mpangilio huo wa kushuka kutoka dhahabu mpaka jiwe umeandikwa kwenye bamba la mwaka 1169, zama za mfalme Kumarapala wa nasaba ya Chaulukya, aliyelikarabati hekalu. Nami naona umebeba ukweli wake: Bhima wa kwanza wa nasaba hiyo ndiye alikuwa mfalme Mahmud alipokuja. Kuanzia kwake ndipo hadithi inapokanyaga ardhi.

Langoni kuna bango linalotaka asiye Mhindu aombe ruhusa ofisini kwanza. Nikaenda, nikaonyesha pasipoti, nikaandika jina. Simu, kamera, mkoba na mkanda wa ngozi vinaachwa nje, ndiyo maana sina picha ya ndani ya kuwaonyesha. Viatu nikaviweka kwenye dirisha lenye rundo la viatu mia kadhaa, nikapewa kibati chenye namba. Jiwe la uwanja lilikuwa la moto kiasi cha kunifanya nitembee kama kunguru.

Hekalu ni la mawe ya rangi ya mchanga, mnara wake unakaribia mita 50, umechongwa matabaka kwa matabaka kama mche wa mkeka uliokunjwa. Chumba cha linga kimevikwa dhahabu kuta na nguzo. Dhahabu ya Soma imerudi, nikawaza, baada ya zamu ndefu ya jiwe. Foleni inakusukuma, unaona jiwe jeusi lenye maua kwa muda wa pumzi mbili tatu, kengele inagongwa juu ya kichwa chako, umeshatoka. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa analia kimya kimya. Hakuna aliyemwangalia.

Upande wa kusini uwanja unakatika ghafla, bahari iko chini yake. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo panapomhusu Al-Biruni.

Abu Rayhan al-Biruni alikuwa mwanachuoni wa Khwarazm aliyechukuliwa na Mahmud kumpeleka Ghazni. Alijifunza Kisanskriti, akaandika juu ya Wahindi kwa utulivu usiotarajiwa kwa mtu aliyekula mkate wa sultani yule. Kuhusu Somnath ametaja vitu ambavyo mwalimu wangu wa madrasa hakuwahi kuvitaja. Kwamba kila siku lililetwa hapa gudulia la maji ya mto Ganga na kapu la maua kutoka Kashmiri. Ukitazama ramani utashangaa ni miguu mingapi iliyohitajika ili kapu moja lifike kila asubuhi. Kwamba mwezi ukichomoza bahari hujaa na kulifunika jiwe, na ukifika katikati ya anga maji hupwa, na hivyo Wahindi walisema mwezi ni mtumishi wa linga, kazi yake ni kuliosha. Al-Biruni akaeleza hapo hapo mambo ya kujaa na kupwa, kama mtu anayeona hakuna tatizo maelezo mawili kukaa ukurasa mmoja.

Mtoto wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa hilo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye mikoko na kupwa mpaka miambani, kina mama wanashuka na vijiti kutafuta pweza saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Ami alikuwa anaweza kukwambia saa ya maji kwa kuulizwa tarehe ya mwezi tu. Watu waliotunga hadithi ya Soma walikuwa wanakaa mahali kama Kigombe, na kila siku waliuona mwezi ukifanya kazi.

Halafu Al-Biruni anaandika sentensi iliyonifanya niishike simu yangu kwa mikono miwili nilipoisoma usiku ule hotelini. Anaeleza kwa nini Somnath hasa, miongoni mwa mahekalu yote, ilikuwa mashuhuri: kwa sababu ilikuwa bandari ya mabaharia, na kituo cha waliokuwa wakienda na kurudi kati ya Sufala ya nchi ya Zanj na China.

Sufala ya nchi ya Zanj. Ndiyo hiyo Sofala yetu, iliyopo leo Msumbiji, mlango wa dhahabu ya bara, ile ambayo baadaye iliitajirisha Kilwa. Zanj ni sisi. Mwanachuoni aliyeishi Ghazni karibu miaka elfu iliyopita, akitaka kueleza umaarufu wa hekalu la Kihindu, anaanza na safari za kutoka kwetu. Shanga za akiki za Gujarati zinachimbuliwa kwenye magofu ya pwani yetu mpaka leo. Ila wanaosimulia kisa cha johari za tumboni hawaigusi sentensi hiyo.

Mahmud aliondoka Ghazni Oktoba 1025, akavuka jangwa, akafika Somnath Januari 1026. Alipigana, akashinda, akapora, akalivunja linga. Al-Biruni anasema kipande kimoja kilitupwa uwanja wa farasi Ghazni na kingine kikawekwa mlangoni mwa msikiti watu wapangusie miguu. Hilo lilitokea, wala sina haja ya kulipaka sukari. Lakini tazama linavyoota mbawa baada ya hapo. Washairi wa sultani walidai sanamu ya Somnath ni Manat, yule mungu wa kike wa Makka ya kijahiliya, aliyetoroshwa kwa jahazi kuja kufichwa India. Eti hata jina ni ushahidi, Su-Manat. Karne mbili baadaye Al-Qazwini akaandika kwamba sanamu ilielea hewani bila kushikwa na kitu, mpaka mtu mmoja akashuku kwamba dari ni la sumaku na sanamu ni chuma, mawe ya dari yakaondolewa, ikaanguka. Likaja pia tumbo la johari. Kila msimulizi amelipa hekalu sanamu aliyoihitaji yeye.

Na wenyeji? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa anayependa hadithi nyoofu. Mwaka 1038, miaka 12 tu baadaye, mfalme wa Kadamba kutoka Goa alikuja kuhiji Somnath, akija kwa njia ya bahari. Hekalu lilikuwa linapokea mahujaji. Lile bamba la 1169 linaposema kwa nini hekalu limechakaa, linalaumu umri na watumishi wabaya wa zama mbaya. Mahmud halimtaji.

Lakini andiko nililolipenda kuliko yote ni la mwaka 1264, jiwe lililotambuliwa na Mwingereza James Tod mwanzoni mwa karne ya 19 katika hekalu dogo la Harshad Mata huko Veraval. Mwenye jiwe ni tajiri wa meli kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz. Ametaka kujenga msikiti Somnath, akanunua ardhi nje kidogo ya mji, baadhi yake ni mali ya mahekalu. Mauzo yakapitishwa na baraza la mji, na aliyeongoza baraza hilo ni kuhani wa Shiva. Msikiti ukawekewa wakfu: kinu cha kukamulia mafuta, maduka mawili, fedha za mafuta ya kuwashia taa, za kisomo, za mwalimu na mwadhini, na za sherehe za mabaharia. Kitakachobaki, kipelekwe Makka na Madina. Yote hayo yamo kwa Kisanskriti, na jiwe jingine kwa Kiarabu. Tarehe imeandikwa kwa hesabu nne tofauti, mojawapo Hijria, 662, ili asije mtu kusema hakuelewa.

Lile la Kisanskriti linaanza kwa kumsifu Mungu kama Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu, jina ambalo Mshaiva, mfuasi wa Shiva, angelisoma akatikisa kichwa kukubali, na Mwislamu vile vile. Lile la Kiarabu lina dua kwamba mji huu uje kuwa mji wa Kiislamu, maneno ambayo hayakutiwa katika la Kisanskriti. Nilicheka peke yangu. Wafanyabiashara ni wafanyabiashara.

Sasa sikiliza maneno. Mchongaji wa Kisanskriti alipofika kwenye neno msikiti hakuwa na neno lake, akaandika alivyosikia: mijigiti. Jumuiya ya Waislamu akaiita jamatha. Na Nuruddin cheo chake ni nakhu, kifupi cha nakhuda. Mijigiti, jamatha, nakhuda. Msikiti, jamaa, nahodha. Nilisoma maneno hayo kwa sauti chumbani kama mtoto anayejifunza irabu. Ni yale yale tuliyookota nasi kwenye bahari hiyo hiyo, tukayapinda kidogo ili yakae vizuri mdomoni, kama wao walivyofanya. Huko nyuma yalipita pia pesa, bangili, dobi na bepari, lakini hayo yalikuja madukani. Haya matatu yalikuja na upepo.

Kutoka mwaka wa Mahmud mpaka mwaka wa jiwe la Nuruddin ni miaka 238. Wajukuu wa wajukuu wa walioporwa wakamuuzia ardhi Mwislamu ajenge msikiti. Walisahau? Sidhani. Nadhani walijua tofauti ya mtu anayekuja na farasi kutoka milimani na mtu anayekuja kila mwaka na upepo ule ule, mwenye deni sokoni na rafiki gatini.

Yaliyofuata nitayapitia haraka maana yanajirudia. Jeshi la Alauddin Khalji kutoka Delhi lilivunja 1299. Mahipala wa Junagadh akajenga 1308. Likavunjwa, likajengwa. Aurangzeb, mfalme wa Mughal, naye alitoa amri zake. Mwaka 1783 malkia Ahilyabai Holkar wa Indore, aliyeona gofu la kale halifai tena, akajenga hekalu jingine hatua chache pembeni, linga lake akaliweka chini ya ardhi. Hilo bado lipo na watu wanaingia. Kwangu mimi lilikuwa na utulivu kuliko hili kubwa.

Kituko ni cha Waingereza. Mwaka 1842 jeshi lao, likijiondoa Afghanistani, liliambiwa na Gavana Mkuu, Lord Ellenborough, ling'oe milango ya kaburi la Mahmud huko Ghazni na kuirudisha India, kwa kuwa inasemekana ndiyo milango ya msandali iliyoporwa Somnath. Akatoa tangazo la mbwembwe kwa wakuu wa India kwamba fedheha ya miaka mia nane imelipwa. Milango ikaburutwa mpaka Agra. Ilipochunguzwa ikaonekana si msandali, ni mwerezi wa milimani, na nakshi yake ni ya huko huko Ghazni. Haikuwahi kuiona Gujarati. Bunge la London likamjadili Ellenborough mwaka uliofuata, na milango ipo mpaka leo imehifadhiwa kwenye ngome ya Agra, haina kwao huku wala kule.

Hekalu ninalolitazama mimi lina umri mdogo kuliko Ami. Mwaka 1947 Nawabu wa Junagadh, nchi ndogo ilimokuwa Somnath, alikuwa Mwislamu anayetawala raia wengi Wahindu; alichagua kuiunga nchi yake na Pakistani, mambo yakamgeukia, akakimbilia Karachi. Novemba mwaka huo huo Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alifika hapa ufukweni akatangaza kwamba Somnath itajengwa upya. Gandhi akakubali kwa sharti: fedha zitoke kwa wananchi, zisitoke serikalini. Magofu ya zamani yakabomolewa Oktoba 1950, na msikiti uliokuwapo mahali hapo ukahamishwa. Patel akafa Desemba bila kuona. Tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad akaja kusimika linga, ingawa Waziri Mkuu Nehru alimsihi asije, kwa kuona si kazi ya mkuu wa dola isiyo na dini. Msanifu wake, Prabhashankar Sompura, alitoka kwenye ukoo wa wajenzi wa mahekalu, akajenga kwa mtindo wa Chaulukya kana kwamba hizo karne hazikupita.

Na lile gofu? Natamani ningeliona. Najua wenye imani hawataki kuabudu katika magofu, nisingependa nami msikiti wetu ubaki magofu kwa ajili ya wapiga picha. Ila jiwe lililokanyagwa na mabaharia waendao Sufala lilikuwa mle, na sasa halipo.

Ukingoni mwa uwanja kuna nguzo yenye tufe la dunia juu yake na mshale unaoelekea baharini. Maandishi ya Kisanskriti yanasema njia hii iko wazi, bila kizuizi, mpaka ncha ya kusini ya dunia. Wahindi wanapiga picha hapo kwa fahari sana. Nilikagua ramani baadaye: viko visiwa vya Ufaransa vya Kerguelen, karibu kabisa na mstari huo, vyenye baridi na pengwini. Nikaamua kutomwambia mtu. Nilichokuwa nahesabu mimi ni nyuzi kama hamsini kulia kwa mshale, ambako kaskazi ingekushusha Tanga.

Saa moja jioni wakaanza ibada ya taa. Ngoma, kengele, baragumu ya kombe, moshi wa ubani, kwa muda wa dakika ishirini hivi hakuna anayesikia la mwenzake. Ilipoisha nikatoka, nikachukua viatu na simu, nikashuka ufukweni. Ngamia wawili wa kupanda watoto, muuza mahindi ya kuchoma anayepaka ndimu na pilipili kama wa Raskazone. Mwezi ulikuwa wa kumi na sita. Ulichomoza nyuma ya mji, upande wa nchi kavu, mwekundu, umelika kidogo pembeni. Nikavua viatu tena.

Niliporudi Ahmedabad nilimkuta Ami ameketi kitandani, amenyolewa ndevu.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Kotia?"

Nikamwambia kotia hakuna, ila wanakalafati kwa pamba, pigo tatu tatu. Akafurahi kwa hilo. Kisha nikamwaga yote: Soma na wakeze, Al-Biruni na Sufala, Mahmud, milango ya uongo, jiwe la nahodha wa Hormuz. Alinisikiliza mpaka mwisho amefumba macho, nikadhani amelala. Binti yake akaja na dawa, akameza, akarudisha glasi.

"Huo mwezi uliouona," akasema, "ulikuwa wa kumi na ngapi?"

"Wa kumi na sita."

"Na ulipochomoza, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?"

"Yanajaa, Ami. Yalinifika magotini."

Akatikisa kichwa, akavuta shuka.

"Basi bado anaosha."